Injini ya Nguvu kwa Gari la Barabarani Haiagizwi kwa Namba Moja

Mtu anayetaka kujengewa injini ya nguvu hapa Nairobi huanza mazungumzo na fundi kwa kutaja namba: nataka nguvu za farasi 400. Kwa maoni yangu hakuna agizo baya kuliko hilo, na hata mafundi hodari, ambao mji huu haujawakosa, huponzwa nalo, kwa sababu mteja akishataja namba na kulipa malipo ya kwanza, kila uamuzi unaofuata hupimwa kwa namba hiyo wala si kwa kazi ambayo gari litafanya kila siku.

Nitatumia mfano wa Subaru, kwa kuwa ndiyo injini inayofunguliwa na kujengwa upya sana katika karakana zetu. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yana historia yake. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye akashinda kwa Subaru mwaka 2000, na baadhi ya watoto waliosimama kwenye vumbi kuwapungia mikono ndio wenye magari leo. Injini za familia ya EJ zilianza na Legacy mwaka 1989 na zikaendelea kutengenezwa kwa takriban miaka thelathini, kwa hiyo spea si shida. Shida ni agizo lenyewe.

Nguvu ya injini ni toki, yaani msukumo wa kuzungusha, ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Injini yenye toki ya nyutoni mita (Nm) 300 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa takriban kilowati 94. Toki hiyo hiyo kwenye mizunguko 6,000 hutoa kilowati 188. Njia nyepesi ya kumridhisha mteja wa namba, basi, ni kufunga turbo kubwa, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inayoamka kwenye mizunguko ya juu kabisa, mahali ambapo gari la barabarani karibu halifiki. Mwenye gari atatoka Ruaka asubuhi hadi mjini akiwa kati ya mizunguko 1,500 na 3,500, turbo ikiwa bado imelala, na gari litakuwa zito kuitikia kuliko lilivyokuwa kabla hajatoa hela zake. (Na mjini sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, jambo ambalo katika mazungumzo haya huwa halitajwi na mtu.)

Agizo lenye maana hueleza matumizi. Gari litanyweshwa petroli gani, na ya kituo gani? Litaendeshwa na nani? Je, litabeba familia na mizigo hadi Nakuru mwisho wa mwezi? Toki inatakiwa ianze kwenye mizunguko mingapi, na injini isipite mingapi hata dereva akisahau mguu? Fundi akishapata majibu hayo kwa maandishi, yeye ndiye atakayetaja nguvu zitakazopatikana, zikiwa matokeo ya mahesabu yake.

Petroli pekee inatosha kubadilisha mradi mzima. Injini hizi za turbo zilizotoka Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu, yaani isiyolipuka yenyewe kwa urahisi, ambayo huko huuzwa ikiwa na RON (kipimo cha oktani) kati ya 98 na 100, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Presha ya turbo ikiongezwa juu ya petroli dhaifu, sehemu ya mchanganyiko ndani ya silinda hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na kishindo hicho, ambacho mafundi hukiita kugonga, hupiga pistoni pale ilipo nyembamba zaidi, kwenye kingo zinazoshikilia ringi. EJ257 ya lita 2.5, yenye pistoni za kumiminwa kwenye kalibu, inajulikana dunia nzima kwa kuvunjika hapo. Anayekupa nguvu nyingi kwa petroli ya kawaida bila kukuonyesha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) aliyoiweka na nafasi ya usalama aliyoiacha, anakukopesha nguvu hizo kutoka kwenye uhai wa pistoni.

Kisha kuna mwinuko, na hapa ndipo ushauri tunaosoma wa wajenzi wa nchi nyingine hautufai sana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 82 (bar 0.82). Mombasa ni 101 (bar 1.01). Tuseme turbo imewekwa itoe presha ya bar 1 juu ya hewa ya nje. Nairobi injini itapokea jumla ya bar 1.82, lakini siku ya kushuka pwani itapokea bar 2.01, yaani zaidi kwa karibu asilimia 10, tena hewa yenyewe ikiwa ya joto la nyuzi 30 na zaidi. Injini iliyotuniwa, yaani iliyopangiwa presha na taimingi, Nairobi hadi ukingoni, ambayo haikuwahi kugonga hata siku moja kwenye barabara ya Thika, inaweza kuanza kugonga ikishapita Voi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaweza kupangwa isome mgandamizo wa hewa ya nje na kujirekebisha, na kazi hiyo si ya ajabu, ila lazima iagizwe. Mimi ningeiandika kwenye mstari wa kwanza wa karatasi ya makubaliano.

Kuhusu vipuri vyenyewe nina maoni makali. Pesa nyingi huishia kwenye vitu vinavyong'aa, na kazi ya mashine, yaani kuchonga na kusugua injini kwa vipimo, hupewa chenji iliyobaki. Pistoni za kufuliwa, yaani zilizogandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa, ni mfano mzuri. Zile za aloi ya 2618 ni ngumu kuvunjika, lakini hutanuka sana zikipata moto, kwa hiyo silinda lazima iachiwe nafasi kubwa zaidi, na asubuhi injini ikiwa baridi utasikia pistoni zikigongagonga kuta. Aloi ya 4032 ina silikoni ya takriban asilimia 12, hutanuka kidogo, na inaweza kufungwa kwa nafasi finyu zaidi. Kwa gari la mashindano, 2618 bila ubishi. Kwa gari linalowashwa saa kumi na moja alfajiri kumpeleka mtoto shule, ningechagua 4032 na kuridhika na nguvu pungufu.

Kazi ya mashine mteja anaweza kuikagua kwa macho yake akiomba. Geji ya kupimia silinda hushushwa juu, katikati na chini, kwanza kwa kufuata mstari wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kisha kwa kuukata, na kila kipimo huandikwa; tofauti ya vipimo viwili vya kimo kimoja huonyesha kama silinda imepoteza mviringo wake, na tofauti ya juu na chini huonyesha kama imechongoka. Beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, nazo zina hesabu yake. Shingo ya kranki ya EJ inayoshika konrodi ni milimita 52, na kwa kanuni ya mafundi ya kuacha sehemu 1 kwa kila 1,000, oili itahitaji kama milimita 0.05. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, inapaswa kusuguliwa ikiwa imefungiwa bamba nene badala ya silinda hedi, boliti zikiwa zimekazwa kama zitakavyokazwa mwishoni, kwa sababu kukaza huko huipinda silinda, hasa kwenye EJ205 ambayo silinda zake zimesimama wazi kwa juu. Karakana isiyo na bamba hilo, au isiyotaka kukupa karatasi ya vipimo, ikufungie injini ya kawaida tu.

Hiyo karatasi ina faida nyingine. Injini ya jamaa yangu ilinoki, yaani iliharibika, muda mfupi baada ya kufungwa. Fundi wa mashine alisema mfungaji ndiye aliyekosea, mfungaji akasema aliyetuni alipandisha presha, na aliyetuni akasema beringi zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hakukuwa na kipimo hata kimoja kilichoandikwa, na malipo yote yalikuwa yamepita kwa M-Pesa bila risiti ya kueleza ni ya nini, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki sawa ya kubisha. Ndiyo maana naona anayetuni anafaa kuwa mezani kabla pistoni hazijanunuliwa, na mtu mmoja kati ya hao watatu akubali kwa saini kubeba kazi nzima, hata kama atadai nyongeza. Nyongeza hiyo ni halali.

Bajeti ikigoma njiani, kama inavyogoma mara nyingi, ningeacha turbo ya zamani mahali pake, nibaki na presha ya kiwandani, na kulipia mashine, beringi, pampu ya oili na siku nzima kwenye mashine ya kupimia nguvu. Turbo kubwa inaweza kufungwa mwakani bila kuitoa injini. Giaboksi ya gia tano ya WRX, Impreza ya turbo, ambayo si imara kwa nguvu nyingi, nayo itashukuru kwa kucheleweshewa. Na bloku ikibadilishwa, namba mpya ya injini ipelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kwa kampuni ya bima kabla gari halijatoka kwenye geti la karakana.