Rangi mbili juu ya kidonda

Mjomba wangu aliunguzwa na ekzosi ya bodaboda nyuma ya mguu. Jioni ileile akanunua dukani rangi mbili, yaani kile kidonge cha unga cha antibayotiki, dawa ya kuua bakteria; akaifungua, akamwaga unga wote juu ya kidonda. Siku ya 4 unga ulikuwa umeganda, gaga gumu la manjano. Muuguzi aliliroweka kwa maji ya chumvi, akalibandua taratibu kwa kibanio. Chini yake, usaha mtupu.

Simlaumu mjomba. Kutaka dawa ifike pale pale penye kidonda ndiko kunakowahangaisha watafiti wa bandeji zenye chembe za nano. Chembe hizo ni ndogo mno, mamia yake huenea katika upana wa unywele mmoja, na ndani yake hufichwa antibayotiki. Baadhi hutengenezwa kwa kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, kama yale tunayoyatupa kila siku huku pwani. Zikilowa majimaji ya kidonda, dawa huvuja kidogokidogo.

Wanaohitaji sana kitu hiki ni wenye kisukari. Damu haifiki vizuri mguuni, kwa hiyo hata kidonge anachomeza mgonjwa hakifiki vya kutosha. Juu ya hapo, bakteria wa donda ndugu hujifunika utando wa ute ambao dawa huupenya kwa shida. Mtu anauguza kidole kwa miezi, mwisho anaambiwa mguu ukatwe. Kwa ajili yake natamani bandeji hizi zifike hata kesho.

Ila nina hofu. Chembe nyingi humwaga dawa kwa wingi saa za mwanzo, kisha mabaki yanatoka machache, hayaui bakteria bali yanawazoesha. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kuhusu dozi pungufu mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Kwa hiyo bandeji hii isije ikauzwa kama plasta, juu ya meza ya duka. Iandikwe na daktari, na pakiti iseme dawa inatoka kwa saa ngapi na ibanduliwe lini.

Moto wa ekzosi ulitaka maji safi ya bomba dakika 20, kisha kitambaa safi cha gozi. Mjomba alipona wiki ya 6, kwa gozi na maji ya chumvi tu.