Kabla mtoto hajafika Mwanjelwa

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Mbeya anasimama na kusema: "Yesterday I go Mwanjelwa." Mwalimu wa kwanza anamkatiza kabla hajafika kwenye soko hilo: "Went!" Darasa linacheka, mtoto anakaa, na mkono hanyooshi tena. Mwalimu wa pili anamuuliza, kwa Kiingereza chepesi, alikwenda kununua nini; ndani ya swali anamrudishia kitenzi chake kikiwa kimenyooka, na mazungumzo yanaendelea.

Kitabu ni kimoja, muhtasari mmoja. Yule anaamini lugha ni kanuni, na kosa likiachwa litaota mizizi. Huyu anaamini lugha huja kwa kuitumia.

Imani hizo hazitoki sana chuoni. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba mwalimu huanza kujifunza ualimu akiwa bado mwanafunzi, kwa maelfu ya saa za kuwatazama walimu wake. Ndiyo maana, nadhani, mtaala wetu ulipohamia kwenye umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kufanya badala ya anachokariri, mwaka 2005, wengi walibadilisha andalio la somo, somo lenyewe likabaki lilelile.

Wapo watakaonijia juu: imani ipi, na darasa lina watoto themanini? Hoja yao ni nzito. Hebu wapange watoto themanini katika makundi, wakati madawati yenyewe hayasogei kwa kubanana! Tena mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika. Hakuna anayeketi mbele ya mtahini akazungumza. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu atafundisha kinachotahiniwa, hata kama moyoni ana lake. Na insha za darasa la yule wa kwanza, nimtendee haki, huwa safi.

Lakini swali la "ulinunua nini?" halihitaji dawati wala kitabu. Wala hakuna mtihani unaoagiza mtoto avishwe kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili au Kisafwa uwanjani, na shule za namna hiyo zipo. Hiyo ni imani tupu, kwamba lugha moja huifukuza nyingine. Mwalimu wa kwanza mwenyewe, ukimkuta kwenye chai ya saa nne, anachanganya Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na hakuna anayemkatiza.