Hipnosisi itulize maumivu, isichimbue kumbukumbu

Nianze na msimamo wangu. Hipnosisi, yaani kumtuliza mtu na kumwongoza kwa maneno, ni tiba ya kweli, na mtu anayeumwa tumbo miaka nenda miaka rudi, au anayeogopa sindano ya daktari wa meno kiasi cha kuacha jino lioze, ana haki ya kuambiwa kwamba ipo. Lakini ikishatoka kwenye maumivu na hofu ikaingia kwenye kuchimbua yaliyosahaulika, naikataa kabisa, hata ikiwa mikononi mwa daktari mwenye vyeti vyote. Wengi wanaoijadili huuliza kama ni salama au ni hatari. Swali hilo halitufikishi mbali, kwa sababu nguvu inayoponya ndiyo hiyohiyo inayodhuru.

Nguvu yenyewe ni hii: mtu akiutuliza mwili na kuielekeza akili yake yote mahali pamoja, anakuwa mwepesi kupokea anachoambiwa. Hajalala. Anasikia, anajua yuko wapi, na akitaka kufumbua macho ainuke aende zake, atakwenda. Habari za watu kutekwa akili zinatoka kwenye maonyesho ya majukwaani, ambako wanaopandishwa huwa wameshachujwa wakabaki wale walio wepesi na walio tayari kushiriki. Wepesi huo hatukugawiwa sawa. Tangu 1959 watafiti wana kipimo chake, kilichotungwa Chuo Kikuu cha Stanford, na kinaonyesha kwamba wapo wanaozama upesi, wapo wasiozama hata kidogo, na wengi wetu tuko katikati.

Jambo hili lilikaribia kugunduliwa zamani sana. Mwaka 1784 mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza tiba za mafunzo ya daktari Franz Anton Mesmer, aliyedai kuponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya viumbe hai. Tume hiyo, iliyokuwa na Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier, iliwafunga watu vitambaa machoni. Walioamini kwamba wanapitishiwa nguvu walishikwa na mitetemo hata pale ambapo hakuna aliyewafanyia chochote. Waliopitishiwa bila kujua hawakuhisi kitu. Hakuna sumaku, tume ikaamua, ni mawazo tu. Kuhusu sumaku walikuwa sahihi. Ila lile neno "tu" lilitugharimu. Wazo linaloweza kuutetemesha mwili wa mtu mzima lilistahili kuchunguzwa palepale, badala ya kuachwa mikononi mwa wababaishaji.

Miaka 61 baadaye, mwaka 1845, daktari mpasuaji kutoka Scotland, James Esdaile, alianza kuwafanyia wagonjwa upasuaji huko Bengal, India, akitumia njia ya Mesmer kuwatuliza. Mwaka uliofuata etha, dawa ya nusukaputi, ikaonyeshwa hadharani Boston, Marekani, na madaktari wakaikimbilia. Walifanya vizuri, maana nusukaputi haichagui nani ni mwepesi na nani si mwepesi.

Leo hakuna anayetaka kuirudisha hipnosisi mahali pa nusukaputi. Inatumika bega kwa bega nayo. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, timu ya Marie-Elisabeth Faymonville imewahudumia maelfu ya wagonjwa tangu 1992, wengine wakipasuliwa tezi ya shingo, kwa hipnosisi pamoja na ganzi ya sehemu husika na dawa kidogo ya kutuliza. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 200 waliokuwa wakienda kupasuliwa titi. Takriban nusu yao walipata dakika 15 za hipnosisi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Wengine walikaa muda uleule na mtaalamu wa saikolojia aliyewasikiliza tu. Waliopata hipnosisi walihitaji dawa chache kuliko wenzao, na baadaye maumivu, kichefuchefu na uchovu wao vilikuwa vichache. Dakika 15! Nikifikiria pesa zinazotumika kutafuta dawa mpya za maumivu, nashindwa kuelewa kwa nini hospitali nyingi hazijaligusa jambo hili.

Na maumivu hayo hayapunguzwi kwa kujifanya. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake wa Montreal waliwatumbukiza watu mikono katika maji ya moto wakiwa ndani ya hipnosisi, huku wakipiga picha ubongo wao. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni maneno: mara waliambiwa karaha imepungua, mara imeongezeka. Sehemu ya ubongo inayohusika na ubaya wa maumivu ilipanda na kushuka kufuata maneno, wakati sehemu inayopokea taarifa ya maumivu yenyewe haikubadilika hivyo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa tumbo. Wapo watu ambao utumbo wao ukipimwa hauna kidonda wala uvimbe, lakini maisha yao yamesimama: tumbo linasokota, linajaa gesi, leo wanaharisha, kesho choo hakitoki. Peter Whorwell wa Manchester aliwachukua 30 wa namna hiyo, wale ambao dawa zilikuwa zimeshindwa, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1984 yaliwashangaza wengi, kwani waliopewa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo na vidonge visivyo na dawa. Ukiingia katika kikao chenyewe hutaona maajabu. Mgonjwa amekaa kitini, macho yamefumba, viganja viko juu ya tumbo. Anaambiwa asikilize joto la viganja likipenya ndani. Kisha anaombwa auone mto, maji yakienda taratibu, hayakimbii wala hayakwami, na utumbo wake ukifuata mwendo huo. Nyumbani anarudia mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka awe fundi wa tumbo lake. Tangu 2008 mwongozo wa taifa wa tiba Uingereza unaitaja hipnosisi kama njia ya kufikiriwa kwa wagonjwa ambao miezi 12 ya dawa haikuwasaidia.

Kwa kuacha sigara, sitamshauri mtu alipe akitarajia muujiza. Tafiti zilizokusanywa hazijathibitisha kwamba inazishinda njia nyingine.

Sasa hatari. Chukua kiti kilekile, macho yaleyale yaliyofumba, ila safari hii mtaalamu anasema: "Una miaka mitano. Uko chumbani. Tazama mlangoni. Nani anaingia?" Hajasema uongo wowote. Lakini ameshaleta mlango na mtu anayeingia, na akili iliyokwisha kuwa nyepesi itampa mtu huyo sura, hata nguo. Mgonjwa akifumbua macho hasemi "niliwaza". Anasema "nimekumbuka", na analia machozi ya kweli. Kumbukumbu haikai mahali ikisubiri kutolewa. Tunaiunda upya kila tunapokumbuka. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus alionyesha mwaka 1995 kwamba takriban robo ya watu aliowafanyia utafiti walikuja kuamini, kwa sehemu au kikamilifu, kwamba waliwahi kupotea dukani utotoni, jambo ambalo halikutokea. Hapo hakukuwa na hipnosisi, ni mazungumzo ya kawaida. Ukiiongeza, mtu hakumbuki kwa usahihi zaidi, ila anakuwa na uhakika zaidi na anachokisema. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliamua mwaka 1982, katika kesi ya People dhidi ya Shirley, kwamba shahidi aliyehipnotishwa ili akumbuke tukio asitoe ushahidi juu yake. Marekani ya miaka ya 1980 na 1990 ilishuhudia familia zikisambaratika kwa tuhuma zilizozaliwa katika vikao vya namna hii. Naumia nikiwafikiria wazazi waliotuhumiwa bure, na naumia vilevile kwa waliodhulumiwa kweli, ambao maneno yao yalitiliwa shaka kwa sababu hiyo.

Madhara mengine ni ya kupita: kichwa kuuma, kizunguzungu, wasiwasi. Mwenye ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo asiguswe bila daktari wake kujua. Na tumbo lianze kupimwa, kwa sababu kumtuliza mtu mwenye saratani mpaka asisikie ishara ya mwili wake ni kumpotezea muda asio nao.

Katika nchi nyingi yeyote anaweza kuhudhuria mafunzo mafupi akajiita mtaalamu wa hipnosisi. Kwa hiyo ukimwendea mtu, mwulize kama hipnosisi isingekuwepo angekutibu vipi. Daktari wa meno atakueleza kuhusu ganzi, mkunga atakueleza namna ya kukuzalisha, mwanasaikolojia atakuwa na njia zake nyingine. Asiye na jibu, usikae kwenye kiti chake.