Shuka la kudarizi si tambara la kupigia pasi

Jamani, inaniuma! Unampa binti wa dada yako zawadi ya harusi: shuka na foronya zake, waridi limejazwa uzi petali kwa petali, vikonyo kwa mshono mnyororo, pindo limefumwa. Kazi ya miezi, tena usiku. Ukienda kumtembelea, limekunjwa mezani, anapigia suruali pasi juu yake! Maua yameshapauka, maana aliliroweka kwenye dawa ya madoa. Shangazi mtu naye anasema, “Si uzi tu huo?” Uzi tu? Kochi la dukani mnaliacha na nailoni yake, kazi ya mkono mnaidharau. Lifueni kwa maji baridi, mlianike kivulini, pasi ipite upande wa nyuma. Asiyelitaka anirudishie.