Kimya cha Alec Guinness

Kila nikisikia filamu niipendayo inatengenezewa sehemu ya pili, hujiuliza jambo moja: ile ya kwanza iliacha nini bila kusemwa? Kama ilishamaliza kila kitu, huo mwendelezo utakuwa marudio ya gharama kubwa tu. Na mabingwa wa kuacha jambo bila kulisema, kwa maoni yangu, ni waigizaji wa Uingereza wa kizazi cha Alec Guinness.

Itazame tena Star Wars ya 1977. Kijana Luke anamuuliza mzee Obi-Wan: baba yangu alikufaje? Guinness hajibu papo hapo. Macho yanakwenda pembeni, anasita kidogo, ndipo anajibu. Wakati ule hadithi ilikuwa bado haijaamua kwamba adui ndiye baba wa stelingi. Hilo liliingia baadaye, filamu ya 1980 ilipokuwa ikiandikwa. Lakini ukijua siri hiyo kisha ukarudi kwenye ile ya kwanza, utaapa kwamba mzee alikuwa anaficha kitu. Aliacha nafasi, na The Empire Strikes Back ikaingia humo humo. Ndiyo maana naihesabu kuwa mwendelezo bora kuliko karibu yote ya aina yake.

Halafu kati ya 1999 na 2005 zikaja filamu tatu za kutueleza nani alimfanyia nini nani. Ewan McGregor, Mskoti, alijitahidi sana, hata lafudhi ya Guinness aliikaribia. Ila kazi aliyopewa ilikuwa ya kufafanua, na mtu anayefafanua hatishi wala hasikitishi.

Ugonjwa huo huo ulimpata Hannibal Lecter, yule daktari muuaji anayekula watu. Katika The Silence of the Lambs ya 1991, Anthony Hopkins, mzaliwa wa Wales, anaonekana kwa muda mfupi tu, akaondoka na Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Amesimama wima nyuma ya kioo, anaongea polepole, nasi hatujui katokea wapi. Kumbe watu hawakutosheka. 2001 wakamtoa nje, akazurura Florence. 2007, bila Hopkins, wakatuletea mpaka utoto wake, eti tumwelewe. Nani aliomba kumwelewa? Mimi nikitaka kumwona Hopkins akificha jambo, naitafuta The Remains of the Day ya 1993, ambamo ni mtumishi mkuu wa nyumba ya bwana mkubwa. Baba yake anafariki ghorofani, naye anaendelea kuhudumia wageni. Uso haubadiliki, ila kuna mgeni anayemuuliza kama yuko salama.

Utaniambia: mbona The Godfather Part II ya 1974 ilirudi kwenye ujana wa Vito, bosi wa mafia, na ikapendeza? Kweli, tena ndio mwendelezo wa kwanza kupata Oscar ya filamu bora. Lakini De Niro, aliyemcheza Vito kijana, hakuja kumfafanua Brando, aliyemcheza Vito mzee katika filamu ya kwanza. Anaongea kidogo, karibu yote kwa Kisicilia, muda mwingi anatazama watu tu. Huyo Mmarekani angeweza kukaa meza moja na Guinness bila aibu.

Msinielewe vibaya, si kila Mwingereza anayejua kunyamaza. Laurence Olivier, jina kubwa kuliko wote, mara nyingi huniona kama nimekaa kiti cha mwisho cha ukumbi wa maigizo, maana sauti yake inapita juu ya kichwa changu. Alipocheza daktari wa meno katika Marathon Man ya 1976 ndipo nilipomkubali: anarudia swali lile lile dogo, kwa upole, na mimi nashika shavu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko hata sinemani. BBC walimpa Guinness nafasi ya jasusi George Smiley mwaka 1979, wakamrudisha 1982. Mzee mnene kidogo, miwani mikubwa, anasikiliza. Basi. Wengine wanamwaga siri zao kwa sababu tu ukimya wake hauvumiliki. Adui yake, Karla, jasusi mkuu wa Kisovieti, ni Patrick Stewart, na Stewart hatamki neno hata moja katika mifululizo yote miwili! Hebu fikiria mtayarishaji wa leo akimlipa Patrick Stewart ili asiseme kitu. Mwishoni, pale Berlin, Karla anavuka daraja, Smiley ameshinda, na furaha usoni mwake huioni. Huo ni mwendelezo uliojua pa kuishia.

Najua wengi wetu tulizoea filamu kwenye vibanda umiza, msimuliaji akitafsiri na kuongeza chumvi, na siwezi kuisema vibaya raha ile. Kwa filamu za ngumi haina mpinzani. Lakini chukua Brief Encounter ya 1945: Celia Johnson na Trevor Howard wanaagana milele kwenye mgahawa wa stesheni, mama mmoja mwenye maneno mengi kawakalia mezani, na kwaheri yao yote inakuwa mkono wa mwanamume kugusa bega la mwanamke kwa sekunde chache. DJ Afro akitangaza kwamba ataisimulia hiyo, nalipa kiingilio mara mbili.