Kikaango cha Rik Mayall na Adrian Edmondson hakikuwa fujo tupu

Wapo wanaoikumbuka Bottom, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na BBC Two kati ya mwaka 1991 na 1995, kama makelele ya wanaume wawili wazima wanaotwangana vikaango kichwani. Kwa maoni yangu, ni kazi iliyofanywa kwa ustadi ambao vichekesho vya televisheni ya Uingereza vimeufikia mara chache sana.

Rik Mayall na Adrian Edmondson walifahamiana mwaka 1975, wakisomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Manchester, na walikuwa wamekwisha kuwashtua watazamaji kwa The Young Ones, vichekesho vyao vya awali vya televisheni, kabla hawajawa Richie na Eddie, wapangaji wa nyumba chakavu huko Hammersmith, London. Miaka yote hiyo ya kupigana jukwaani inaonekana wazi. Tazama mmoja anapombamiza mwenzake kichwa kwa mlango wa friji: pigo la kwanza huchekesha kwa sababu halikutarajiwa, yanayofuata kwa kasi yake, kisha hupita kimya kifupi ambapo aliyepigwa humkodolea macho mpigaji, ndipo jingine humshukia. Kimya hicho kikirefushwa kidogo tu, kicheko chote hupotea.

Mwaka huohuo wa 1991 wawili hawa walicheza pia Waiting for Godot, tamthilia ya Samuel Beckett kuhusu wanaume wawili wanaomsubiri mtu asiyefika, katika West End, mtaa wa kumbi za maigizo London, na naamini undugu wa kazi hizo mbili ni wa damu. Richie na Eddie hawana kazi wala fedha, wanawake wanawakimbia, na hawana pengine pa kwenda. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, lakini hawa hawapatani kamwe. Wanagombana kwa kuwa ndiyo njia pekee waliyobaki nayo ya kuwa pamoja.

Anayetaka ushahidi aanze na Hole, kipindi cha mwaka 1995 ambamo wamekwama juu kabisa ya gurudumu kubwa la uwanja wa burudani, ambalo limepangwa kubomolewa. Hakuna samani za kuvunja wala mahali pa kukimbilia. Wamebaki na kiti kimoja, hofu na maneno. Bado kinachekesha karibu kila dakika, na hapo ndipo hoja ya kwamba hawakuwa na lolote zaidi ya vikaango inapoanguka.

Mwaka 1998 Mayall alipata ajali mbaya ya pikipiki ya magurudumu manne, akapoteza fahamu kwa siku kadhaa. Hata hivyo, mwaka 2001 na tena 2003 alizunguka Uingereza na Edmondson katika maonyesho ya jukwaani ya Bottom, akipigwa na kupiga usiku baada ya usiku. Alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 56. Kichwa kilichokuwa kimejeruhiwa vibaya kiasi hicho alikikabidhi tena kwa Edmondson mbele ya kumbi zilizojaa, na sijaona waigizaji wengine wawili walioaminiana namna hiyo.