Hesabu kabla ya kubadilisha bodi

"Shangazi, fundi amesema bodi imekufa." Mtoto wa kaka yangu alinipigia Jumamosi akiwa barabara ya Luthuli, Nairobi, laptopu kwapani. Bei aliyotajiwa ya bodi mpya, yaani sakiti kuu ya laptopu, ilikaribia ile aliyoinunulia laptopu yenyewe. Nikamwambia asitoe hata shilingi, apande matatu aje nyumbani.

Feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga unga, na hakuna programu hata moja iliyofunguliwa. Fundi alikuwa ameshapuliza vumbi na kupaka grisi mpya kwenye prosesa. Hakuna mahali alipotazama Linux yenyewe, mfumo unaoendesha laptopu hiyo, inasema nini, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Top, programu inayoorodhesha kazi zinazoendelea, ilionyesha kworker inakula zaidi ya nusu ya kori moja ya prosesa. Wengi wakiona jina hilo hudhani ni virusi. Kworker ni kibarua wa keneli, yaani kiini cha Linux, hufanya kazi anayoletewa. La kuuliza ni nani anayemletea. Tukafungua /proc/interrupts, faili inayohesabu mara ambazo vifaa vimeikatiza prosesa kazi, tukahesabu hadi kumi, tukaifungua tena. Mstari wa acpi, sehemu inayoshughulikia mambo kama umeme, mfuniko na vitufe, ulikuwa umepanda kwa maelfu. Tukaingia /sys/firmware/acpi/interrupts: faili karibu zote zina sufuri, gpe6F, mojawapo ya ishara za vifaa ziitwazo GPE, ina mamilioni. Ni kama mtu aliyeweka kidole kwenye kengele ya mlango asikitoe, na kila inapolia prosesa inaacha kazi yake kwenda kufungua.

Kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, tukaandika neno disable ndani ya faili ile. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Tukasikia jogoo wa jirani.

Ukiwasha upya inarudi, kwa hiyo tuliongeza acpi_mask_gpe=0x6F, agizo la kuziba ishara hiyo, kwenye mstari wa kuanzisha keneli, kisha tukajaribu mfuniko, chaji na vitufe vya mwangaza, maana kuziba GPE kunaweza kuzima kitu unachokihitaji. Sasisho la BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, nalo lijaribiwe, mara nyingine ndilo dawa yenyewe.

Nakubali, kuna siku kifaa huwa kimeharibika kweli. Tundu la USB lililoingia maji linaweza kupandisha mstari wa xhci_hcd, ule wa USB, vivyo hivyo. Lakini hata hapo ni hesabu itakayokuonyesha pa kufungua!

Mafundi wetu wanachomelea chipu ndogo kama punje ya mtama, kazi ambayo mimi siiwezi. Ninawaomba dakika mbili tu za kusoma namba kabla ya kumtajia mwanafunzi bei ya bodi. Huyu wangu alirudi bwenini Jumapili na laptopu ileile, pesa zake za muhula zikiwa mfukoni.